Kipi Kichomekwe Kwenye Ekstensheni Janja, Kipi Kibaki Ukutani

Hotuba kwa wafugaji wa samaki wa mapambo wa Arusha na Moshi

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu wafugaji wa Arusha, wageni wetu mliotoka Moshi na giza la alfajiri, na mafundi umeme mliokubali kukaa nasi leo, habari za asubuhi.

Mada ni moja. Umenunua ekstensheni janja, ile yenye matundu sita au manane, kila tundu likiwashwa na kuzimwa peke yake kwa simu au kwa kidhibiti cha tangi, yaani kifaa kinachosoma joto la maji na kuyaamuru matundu. Sasa uchomeke nini humo, na nini ukiache kwenye soketi ya kawaida ya ukutani?

Wengi hulijibu swali hili kwa kuhesabu matundu. Matundu manane, vifaa vinane, kila mmoja kapata kiti. Sisi tunaomba hesabu hiyo iachwe. Kwa kila kifaa jiulize: tundu hili likigoma kuzima, nini kitatokea kwenye tangi? Likigoma kuwaka, nini kitatokea? Na kwa yote mawili, baada ya muda gani? Kifaa ambacho jibu lake ni “mwani utaongezeka baada ya wiki mbili” na kifaa ambacho jibu lake ni “kufika asubuhi wote wanaelea” havipangwi kwa akili moja.

Tundu hugoma kwa sababu zinazojulikana. Ndani ya ekstensheni nyingi, nyuma ya kila tundu kuna relei: sumaku ndogo ya umeme inayovuta kijibamba cha chuma ili ncha mbili zigusane. Ile “tak” unayoisikia ndiyo hiyo. Kila zinapogusana na kuachana huruka cheche, na kila cheche inakula chuma kidogo. Siku ikifika, ncha zinayeyuka na kushikana kama zimechomelewa. Simu itakuambia tundu limezimwa, kitaa cha pembeni kitakuwa kimezimika, na umeme utakuwa unapita kama kawaida. Ekstensheni nyingine zina swichi ya kielektroniki iitwayo trayaki badala ya relei. Hizo hazitoi mlio, lakini nazo zikifa, kwa kawaida hufa zikiwa zinapitisha umeme. Tena trayaki hata ikiwa nzima na imezimwa huvujisha umeme kidogo, ndiyo maana taa ndogo ya LED iliyochomekwa humo huendelea kumulika hafifu usiku kucha, mwenye nyumba akadhani kuna jini.

Upande wa pili, ekstensheni yenyewe ina pawasaplai yake ndogo ya kulisha relei na waifai. Hiyo ikiungua, mara nyingi kwa sababu umeme umerudi kwa kishindo, relei zote zinaachia kwa pamoja na matundu yote yanazima. Kwa hiyo kuna namna mbili za kuharibika na zinakwenda pande tofauti: tundu moja moja hugoma kuzima, ekstensheni nzima hugoma kuwaka. Mpango wako lazima uvumilie zote mbili.

Mafundi mliopo mtakubaliana nasi kwamba namba ya ampia 10 iliyoandikwa mgongoni mwa relei ni ya mzigo mtulivu kama hita. Adapta ya taa ya LED si mzigo mtulivu. Ndani mna kapasita ambazo ukiwasha zinajaa kwa mkupuo. Taa ya wati 60 ikishatulia huvuta robo ya ampia tu kwenye volti 230, lakini kwa sehemu ndogo mno ya sekunde ya kwanza inaweza kuvuta ampia makumi. Ndiyo maana mtu anashangaa kwamba hita ya wati 300 imekaa miaka bila shida, na taa ya wati 60 ndiyo iliyoua tundu. Taa yenye taima yake ya ndani iachie tundu linalowaka muda wote, au ichomeke ukutani, ijizime na kujiwasha yenyewe. Taa isiyo na taima iweke kwenye ekstensheni bila wasiwasi: inawashwa mara moja kwa siku, mwanga wa muda wa saa nane hadi kumi unatosha, na ikigoma kuzima utaona mwani kwenye kioo kabla samaki hajapata madhara. Habari ya taa imeishia hapo.

Hita ndiyo inayotaka muda wetu.

Arusha ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Sakina au Ngaramtoni joto hushuka chini ya nyuzi 15, na sebule inaweza kuamka na 17 au 18. Mwenye samaki wa Ziwa Tanganyika wanaotaka nyuzi 24 hadi 27 hawezi kuikwepa hita. Mwenye goldfishi anaweza. Hao wanaupenda huu ubaridi wetu, waachwe kwa amani. Moshi kule chini hita inapumzika sehemu kubwa ya mwaka, na shida ya Januari na Februari ni joto.

Tuchukue tangi la lita 200. Kupandisha maji hayo nyuzi moja kunahitaji nishati ambayo hita ya wati 300 huitoa kwa dakika 47 hivi, ukiacha joto linalopotea kwenye kioo na juu ya maji. Kutoka nyuzi 26 mpaka 32 ni chini ya saa tano kwa hesabu ya karatasi. Kwa kweli itachukua muda mrefu zaidi kwa sababu ya joto linalopotea, lakini relei ikishikana saa nne usiku, alfajiri inatosha kuwa imeharibu kila kitu. Hita ya wati 100 kwenye tangi hilohilo inahitaji saa mbili na dakika 20 kwa kila nyuzi, na kadiri maji yanavyozidi kuwa ya moto kuliko hewa ya chumba, joto linalopotea linaikaribia nguvu ya hita yenyewe. Katika nyumba yenye nyuzi 18 hita hiyo ikikwama imewaka haina ubavu wa kuyachemsha. Basi nunua hita mbili za wati 100, usinunue moja ya wati 300 kwa sababu tu bei zimekaribiana.

Moja ichomekwe kwenye ekstensheni janja, nyingine ukutani. Ile ya kwenye ekstensheni, kitufe chake mwenyewe kiweke 27, na kidhibiti ukiambie kizime kikifika 26. Siku zote kidhibiti ndicho kitakachozima, na themostati ya hita, ile swichi yake ya ndani inayofuata kitufe, itakaa bila kazi, lakini relei ikishikana themostati itakata kwa 27. Kosa tunaloliona sana ni mtu kukizungusha kitufe cha hita mpaka 32 “ili kidhibiti ndicho kiamue.” Huyo amemfukuza mlinzi wa pili kwa mikono yake. Ile ya ukutani iweke 24. Haitawaka kabisa mpaka mambo yaharibike. Ekstensheni ikifa usiku wa Julai, samaki wataamka kwenye 24, hawataamka kwenye 18.

Kuna pengo moja ambalo lazima uliache kati ya kuwasha na kuzima. Relei za kawaida hutengenezwa kuhimili kuwaka na kuzima mara 100,000 hivi kwa mzigo kamili. Ukiagiza hita iwake kwa 25.9 na izime kwa 26.0, kwa jinsi usomaji wa kihisi unavyochezacheza, itakuwa ikiwaka na kuzima kila dakika. Siku ina dakika 1,440. Ndani ya siku 70 relei imekula umri wake wote. Agiza iwake kwa 25.5 na izime kwa 26.0. Mizunguko inashuka mpaka michache tu kwa siku na relei hiyohiyo inakuwa ya miaka. Samaki hawaoni tofauti ya nusu nyuzi.

Halafu kihisi cha joto. Kikichomoka kwenye maji na kuning’inia hewani kitasoma 18, na kidhibiti, kwa uaminifu wote, kitawasha hita bila kukoma. Hapo relei ni nzima na programu ni sahihi, ila taarifa ni ya uongo. Kifunge kwa vikombe viwili vya mpira, kimoja chini ya kingine, mahali maji yanapotembea na mbali na hita, na ukihakiki kwa kipimajoto cha kioo kila mwezi. Hapa pia ni kile kitufe cha 27 kitakachookoa.

Siku ya kubadilisha maji, ekstensheni janja inalipa gharama yake. Hita ya kioo ikibaki wazi juu ya maji ikiwa imewaka, kisha ukamwaga maji ya baridi, inapasuka. Tengeneza amri moja kwenye simu, uipe jina “Kubadilisha maji,” izime hita na pampu kwa pamoja, kisha subiri dakika 15 kabla ya kuanza kutoa maji, hita ipoe. Mpe kila kifaa muda wa kujirudisha chenyewe, tuseme saa moja. Amri ya kuzima isiyo na amri ya kurudisha ni mtego unaojitegea mwenyewe. Na hita ya ukutani usiisahau: hiyo unaichomoa kwa mkono.

Tuje kwenye hewa. Jambo hili wenzetu wa Dar es Salaam hawalioni kwa ukali tunaouona sisi. Kwenye mwinuko wa Arusha mgandamizo wa hewa ni mdogo, na maji yaliyoshiba oksijeni hapa yanabeba karibu asilimia 15 pungufu kuliko maji ya joto hilohilo ufukweni. Moshi upungufu ni kama asilimia 10. Akiba yetu ni ndogo tangu mwanzo. Tangi lililojaa samaki, filta ikisimama usiku, linaweza kuanza kuhema juu ya maji ndani ya saa chache. Baridi ya usiku kucha mara nyingi samaki mzima huivumilia. Kukosa hewa usiku kucha hakuvumiliki.

Kwa hiyo pampu ya hewa isiingie kwenye ekstensheni janja hata kidogo. Hakuna unachokipata kwa kuidhibiti. Inakula wati 3 hadi 5, inapaswa kuwaka saa 24, na ikizimwa na kosa la programu inaua. Ichomeke ukutani. Iweke juu ya usawa wa maji, au uweke valvu ya kuzuia maji yasirudi kwenye mpira wake, la sivyo umeme ukikatika maji yatashuka kwa mpira huo mpaka kwenye pampu.

Filta ndiyo yenye ubishi. Filta ya sponji inafuata pampu ya hewa, imekwisha. Filta ya mtungi, ile inayokaa chini ya meza ikiwa imefungwa, ina tabia yake. Ikisimama, bakteria waliomo ndani wanaendelea kutumia oksijeni ya maji yaliyonaswa mle. Baada ya saa kadhaa oksijeni imekwisha, bakteria wazuri wanaanza kufa, na maji ya mle yananuka kama yai bovu. Umeme ukirudi, uchafu huo wote unasukumwa kwenye tangi. Ikisimama nusu saa, acha ijiwashe yenyewe. Ikisimama zaidi ya saa nne, ni afadhali isijiwashe: ifungue, suuza sponji na mawe kwa maji ya tangi, usitumie ya bomba yenye klorini, ndipo uiwashe. Kwa mwenye kidhibiti kinachoweza kuhesabu muda ambao umeme haukuwapo, filta ya mtungi ina haki ya kukaa kwenye ekstensheni janja. Kwa mwenye ekstensheni ya waifai ya kawaida isiyojua kuhesabu, iende ukutani, na mtu wa nyumbani afundishwe kuichomoa umeme ukikatika muda mrefu. Sisi kwa sisi hatukubaliani kabisa kwenye hili. Kuna wanaosema filta ya mtungi ikae ukutani kwa hali yoyote, na wana hoja.

Kuhusu umeme kurudi. Huku kwetu umeme hukatika, na hata TANESCO wasipokata, uniti za LUKU zikiisha saa tisa usiku hakuna atakayeamka kununua. Ekstensheni janja nyingine, zikitoka kiwandani, zimepangwa kwamba umeme ukirudi matundu yote yabaki yamezimwa. Kwa pasi hilo ni jambo jema. Kwa tangi ni maafa ya kimyakimya: nyumba nzima imewaka, friji inanguruma, tangi limelala. Fungua programu ya simu, ingia kwenye mipangilio ya kila tundu, tafuta hali ya tundu baada ya umeme kurudi. Utakuta chaguo tatu: kuwaka, kuzima, kurudi ilivyokuwa. Filta iwe kuwaka, ila ya mtungi ifuate ile hesabu ya saa nne. Hita iwe kuwaka, kwa kuwa ina themostati yake. Taa iwe kurudi ilivyokuwa. Pampu ya kuongeza maji, dawa na gesi ya mimea viwe kuzima, bila mjadala.

Vidhibiti vya tangi vina swali jingine linalofanana: ekstensheni ikipoteza mawasiliano na kidhibiti chake, tundu lifanye nini? Majibu ni yaleyale, isipokuwa kwa hita. Arusha tunaiacha iwake. Moshi, mwezi wa pili, chumba kikiwa na nyuzi 30 mchana, tunaiacha izime, kwa sababu kule kuikosa hita siku mbili si msiba.

Ratiba nayo ikae wapi? Ekstensheni nyingine huhifadhi ratiba ndani yake, nyingine huisubiri intaneti. Zima ruta yako jioni kabla ya muda wa taa kuzima, uone kama taa itazima. Isipozima, ujue unategemea bando. Kifaa chochote cha hatari kisikae kwenye ekstensheni ya namna hiyo.

Kabla ya ekstensheni, ukutani, weka gadi ya friji. Ndiyo, ile ileile ya friji, ilimradi ampia zake zinatosha. Inakata volti zikipanda au zikishuka kupita kiasi, na umeme ukirudi inasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu. Kule kusubiri kunasaidia mara mbili: mshtuko wa kwanza unapita, na ruta inapata muda wa kuamka. Hita ya pili na pampu ya hewa zisiwe nyuma ya gadi hiyo. Gadi nayo ni kifaa, nayo hufa.

Vifaa vilivyobaki tutavipitia kwa mwendo wa haraka.

Valvu ya gesi ya kaboni kwa mimea iwe kwenye ekstensheni, iwake saa moja kabla ya taa na izime saa moja kabla taa haijazima. Ikigoma kuzima usiku, gesi inajaa wakati mimea nayo inatumia oksijeni, na alfajiri samaki wote wako juu wanahema. Isiwe kwenye tundu la trayaki: valvu ya wati 3 inaweza kushikiliwa wazi na ule umeme unaovuja. Pampu ya kuongeza maji yaliyopungua iwe kwenye ekstensheni ikiwa na kikomo cha dakika mbili kwa kila mara, na swichi ya boya juu yake. Kinga yake ya kweli ni ukubwa wa ndoo. Kama tangi lako lina nafasi ya lita 10 kabla halijafurika, ndoo iwe ya lita 10, isiwe pipa, na usithubutu kuiunganisha na bomba la nyumbani. Taa ya UV ya kuua vijidudu izimwe kila filta inapozima, maji yasichemke mle ndani. Vinginevyo iache iwake mfululizo, kuwasha na kuzima kila mara kunaifupishia maisha. Feni za kupoza maji, ambazo Moshi ni za lazima kuliko hita, zinafaa sana kwenye ekstensheni: zikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu kwa mvuke tu. Ziwake kwa 28, zizime kwa 27.5, zisije zikagongana na hita inayozima kwa 26. Mashine ya kupoza maji yenye kompresa usiichomeke humo. Kompresa inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kiwango chake, na ikizimwa na kuwashwa papo hapo inaungua. Mwenye nayo amwite fundi amfungie kontakta, yaani relei kubwa ya mizigo mizito; ekstensheni iwe inaamuru kontakta tu.

Kama ekstensheni yako inapima wati za kila tundu, tumia kipimo hicho kwa kazi ambayo watu hawaifikirii. Tundu la hita limewashwa na wati ni 0: hita imekufa, au themostati yake imekata, kaangalie kitufe. Tundu limezimwa na wati ni 100: relei imeshikana, chomoa sasa hivi. Pampu iliyokuwa ikila 15 na leo inakula 9 au 22: kuna uchafu kwenye rota au inavuta hewa. Weka tahadhari ya simu kwa haya kabla ya kuweka ya joto, kwa sababu wati zinasema ukweli saa kadhaa kabla maji hayajabadilika. Pia utaona gharama: hita moja ya wati 100 ikiwaka siku nzima ni uniti 2.4 kwa siku, uniti 72 kwa mwezi. Wenye mita ya matumizi madogo ya uniti 75 wanaelewa maana yake. Kifuniko cha kioo juu ya tangi na stairofomu nyuma yake vitapunguza uniti kuliko kidhibiti chochote.

Kuhusu kununua. Ekstensheni maalumu za akwariamu nyingi zinatengenezwa kwa soko la Marekani, volti 120. Ukichomeka kwenye 230 zetu, itakufa kabla hujaiona ikiwaka. Usidanganyike kwamba transfoma ya kushusha volti inamaliza tatizo. Volti zitashuka, lakini mzunguko unabaki hezi 50, na pampu iliyotengenezwa kwa hezi 60 itazunguka pungufu kwa moja ya sita na kupata moto. Soma lebo: iandikwe 220 hadi 240, 50 Hz.

Ekstensheni yenye plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampia 13, yaani karibu wati 2,990 kwa jumla. Usivuke 2,300 kwa matumizi ya muda mrefu. Tangi la kawaida la nyumbani halifiki hata 500, kwa hiyo uzito si tatizo. Tatizo ni plagi za pini mbili zinazokuja na pampu na hita za bei rahisi, zinazochomekwa kwa adapta legevu. Ulegevu huo unazaa joto na cheche, na plastiki inaanza kuyeyuka. Kata plagi hiyo, funga ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 3, ambayo inapitisha mpaka wati 690. Usiiache na fyuzi ya 13 iliyokuja nayo dukani. Waya mwembamba wa pampu utawaka moto kabla fyuzi hiyo haijakatika. Na kwenye mstari wa tangi fundi aweke breka inayokata umeme ukivuja miliampia 30, na ethi ipimwe, isidhaniwe tu ipo kwa sababu tundu la tatu lipo ukutani.

Ekstensheni ifungwe ubavuni mwa kabati au ukutani, juu ya usawa wa maji, matundu yakitazama pembeni, yasitazame juu. Kila waya ushuke chini ya plagi kwanza ndipo upande kuingia, ili tone linaloteremka kwenye waya lidondoke sakafuni. Kuzima kwa simu si ruhusa ya kutia mkono kwenye maji. Ekstensheni nyingi hukata waya mmoja tu, na kwenye nyumba ambayo soketi imefungwa kinyume, waya unaokatwa ni ule usio na moto. Kabla ya mkono kuingia, chomoa.

Wenye inveta na betri, msiunganishe ekstensheni nzima. Betri ya volti 12, ampia-saa 100, ya maji, ukitumia nusu yake ili isife mapema, inakupa wati-saa 600. Filta ya 15 na pampu ya hewa ya 5, pamoja na kinachopotea kwenye inveta, ni kama 25: mna saa 24. Ongeza hita za wati 200 na betri imekwisha kabla ya saa tatu. Umeme ukikatika usiku, hewa iendelee kwa betri, na tangi livikwe blanketi. Inveta za bei ya chini zisizotoa mawimbi laini huzifanya pampu zingurume na kupata moto; shika pampu baada ya nusu saa, kama huwezi kuendelea kuishika, inveta hiyo haifai.

Mkishapanga yote haya, jaribuni Jumamosi mchana, mkiwa nyumbani. Chomoa ekstensheni kutoka ukutani dakika kumi, irudishe, hesabu kipi kimeamka na kipi kimelala. Kama una tangi la chini, lile linalopokea maji ya tangi kubwa, simama hapo uone maji yanayoteremka pampu ikizima yanaishia wapi; yakifika ukingoni, punguza maji leo. Kisha zima ruta. Kisha toa kihisi cha joto majini, kiache hewani, na uone hita inazimwa na nani na kwa nyuzi ngapi. Jaribio hili la mwisho linachukua saa kadhaa, lisifanywe na mtu anayetaka kutoka. Baada ya hapo kata vipande vya plasta nyeupe, bandika kwenye kila plagi, andika kwa kalamu isiyofutika jina la kifaa na neno moja: CHOMOA au ACHA. Anayebaki nyumbani ukiwa safarini Babati hana muda wa kufungua programu ya simu yako.

Mezani hapo mbele kuna relei tatu tumezifungua vifuniko. Ya kushoto ni mpya, ya kati imeliwa, ya kulia imeshikana. Mafundi waje kwanza na tochi, halafu wengine, na maswali tuyachukue hapo hapo mezani wakati chai inamiminwa.